Mcheza Kwao Hutunzwa. Na wa Kulipwa Je?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini wahenga hao hawakumjua mchezaji wa kulipwa, ambaye kwao ni pale alipotia saini. Mpenzi wa kandanda anayetaka mfano na akumbuke Jumapili ya tarehe 10 Juni, 2018, katika uwanja wa Afraha, mjini Nakuru.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Timu nane, yaani nne za Kenya, tatu za Tanzania Bara na JKU ya Unguja, zilikuwa zimekwea Bonde la Ufa kugombea kombe la SportPesa. Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea hewa ya pwani pumzi humpungua huko mapema. JKU ilitolewa na Gor Mahia katika mchezo wake wa kwanza. Yanga nayo ikatolewa na Kakamega Homeboyz. Simba ilipenya kwa mikwaju ya penalti, si mara moja bali mbili, hata ikakutana na Gor Mahia katika fainali. Zawadi ya mshindi ilikuwa safari ya Uingereza kupambana na Everton.

Siku hiyo penalti hazikuhitajika. Meddie Kagere alitikisa nyavu za Simba mapema, Jacques Tuyisenge akaongeza la pili, mchezo ukaisha 2-0. Wafungaji wote wawili ni wachezaji wa taifa la Rwanda. Walitunzwa Nakuru, wala Nakuru si kwao.

Tarehe 6 Novemba Gor Mahia ilicheza Goodison Park, ikafungwa 4-0. Kagere hakuwamo. Alikuwa amekwisha kuvaa jezi nyekundu ya Simba, timu ile ile aliyoiliza Afraha! Msimu huo wa 2018/19 aliifungia mabao 23, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania Bara.

Tusimlaumu. Mguu ndio mtaji wake, na mtaji huo haudumu. Mchezaji hutunzwa, je, mji hutunzwa na nani?

Nakuru ndiyo iliyotoa bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya Kenya, Nakuru AllStars, mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Miaka miwili baadaye taji liliteremka Mombasa kwa Feisal, na hadi leo hakuna timu nyingine ya pwani iliyolitwaa. Mwaka 2001 na 2002 likawa la Oserian Fastac, timu ya shamba la maua la Naivasha, ambayo leo haimo tena katika ligi. AllStars wenyewe walirudi ligi kuu mwaka 2015, wakashuka mwaka huo huo. Basi siku ya fainali ya 2018, miongoni mwa timu nane zile hapakuwa na hata moja ya Nakuru. Wenyeji walikuwa watazamaji katika uwanja wao.

Msomaji aliyewasikia wazee wakiitaja Feisal barazani analijua jambo hili vyema. Mchezaji huondoka na mshahara wake, na mwenye kombe huondoka na kombe. Wanaobaki na mchezo ni wale waliouona, na wajibu wao ni kuwasimulia wadogo, ili jina la timu ya mji lisizikwe pamoja na wazee wake.