Kinachozima Shoo si Mashine, ni Waya

Muhula huu kamati ya burudani imeleta hoja mezani: fedha za vyombo zilizobaki zinunue nini kwa ajili ya bendi ya chuo? Upande mmoja unataka mashine mpya ya sauti, kubwa, yenye skrini ya rangi. Upande wa pili, ambao na mimi nimo, unataka kasha zuri, nyaya, stebilaiza na spea. Wenzetu wanatuona sisi wa upande wa pili ni watu wa kubana matumizi tu, tusiopenda maendeleo.

Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu, na kwa miaka miwili nimekuwa fundi mitambo wa bendi hii. Nimesafiri nayo Morogoro, Dodoma, Tanga na Unguja. Fedha zinazobishaniwa ni michango yetu sote, hata wewe ambaye hujawahi kucheza wimbo wao hata mmoja. Kwa hiyo ni haki yako kueleweshwa raki ya bendi ni kitu gani, inakufaje na inalindwaje, halafu uamue mwenyewe.

Kabati lililozoea kukaa

Raki ni lile sanduku jeusi lenye magurudumu unaloliona pembeni ya jukwaa. Ndani yake kuna vyuma viwili vya wima vyenye matundu, na mashine zimefungwa kwa skrubu moja juu ya nyingine kama droo za kabati. Kwenye raki yetu mna vipokezi vya maiki zisizo na waya, mashine ya mwangwi, moduli ya sauti za kinanda, miksa na amplifaya.

Mashine hizi zinatoka viwanda tofauti, lakini zote zinaingia sanduku moja kwa sababu zinafuata kipimo kimoja. Upana wa paneli ya mbele ni inchi 19, yaani milimita 482.6. Kimo kinahesabiwa kwa yuniti, na yuniti moja, inayoandikwa 1U, ni inchi 1.75 au milimita 44.45. Mashine ya 2U inachukua nafasi ya mbili za 1U. Ni hivyo tu.

Kipimo hiki hakikubuniwa na wanamuziki. Kilitoka kwa watu wa simu: kampuni ya AT&T ya Marekani ndiyo iliyokiweka mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya vyumba vya mitambo ya simu. Sasa chumba cha simu hakiendi popote. Mashine ikishafungwa inakaa hapo miaka na miaka, hewa ni ile ile, umeme ni ule ule, hakuna wa kuigusa. Sisi tumelichukua kabati hilo lililozoea kukaa, tukalipandisha kwenye fuso, tukalipitisha kwenye matuta usiku kucha, na kesho yake tunataka lifanye kazi saa tano mfululizo. Karibu kila tatizo la raki linaanzia hapo.

Hesabu ya mnyororo

Sauti ya mwimbaji inapita wapi kabla haijakufikia? Maiki, kipokezi, waya, miksa, waya, mashine ya mwangwi, waya, miksa tena, waya, amplifaya, waya, spika. Hiyo ni minyororo ya pingu kumi na mbili, na hapo hatujagusa upande wa umeme: plagi, ekstensheni, swichi, fyuzi.

Tuseme kwa mfano tu kwamba kila pingu ina uhakika wa asilimia 99 wa kumaliza usiku bila hitilafu. Inasikika vizuri, sivyo? Lakini pingu zikiwa zimefuatana, uhakika unazidishwa, haujumlishwi. Pingu 10 zinakupa 0.99 mara yenyewe mara kumi, ambayo ni asilimia 90 na kidogo. Pingu 20 zinakupa kama asilimia 82. Yaani kila kitu ni kizuri kikiwa peke yake, lakini karibu shoo moja katika tano au sita itapata hitilafu mahali fulani.

Mnaona hoja inaelekea wapi. Mashine mpya, hata iwe nzuri kiasi gani, ukiiongeza katikati ya mnyororo unakuwa umeongeza pingu moja pamoja na nyaya zake mbili na plagi yake. Uhakika wa shoo unashuka. Haupandi.

Kinachopandisha uhakika ni kuwa na njia ya pili. Ukiwa na njia mbili zinazojitegemea, kila moja ikiwa na uhakika wa asilimia 90, uwezekano wa zote mbili kufa usiku mmoja ni asilimia 1 tu. Neno la kuangalia hapo ni "zinazojitegemea". Ukiwa na vipokezi viwili vya maiki, lakini vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya bei poa, una kipokezi kimoja. Ekstensheni ikifa, vinakufa vyote.

Mtikisiko

Njiani ni mara chache mtikisiko kuua kifaa cha ndani kabisa cha mashine. Unaua maungio. Skrubu zinalegea. Kadi zilizochomekwa kwenye soketi zinapanda kidogo kidogo mpaka zinaachia. Viungo vya lehemu vinavyoshikilia vitu vizito, kama transfoma na soketi za nyuma, vinapata ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Mashine yenye ufa wa namna hiyo inawaka vizuri ofisini, inazima jukwaani, na ukiigonga inawaka tena. Fundi akiipima anasema nzima.

Amplifaya ndiyo ya kuiangalia zaidi, hasa zile za zamani zenye transfoma kubwa. Uzito wake wote uko nyuma, lakini watu wanaifunga kwa masikio mawili ya mbele peke yake. Kwenye chumba cha simu isingekuwa shida. Kwenye fuso, kila shimo la barabarani ni nyundo, na mwisho masikio yanapinda au paneli inapasuka. Dawa yake ni chuma cha kuishikilia kwa nyuma, na kuiweka chini kabisa ya raki ili sanduku lisielemee juu.

Halafu kuna nyaya. Plagi ya sauti aina ya XLR ina kidoko kinachoifunga, huichomoi bila kubonyeza. Waya wa umeme wa kawaida, ule kama wa kompyuta ya mezani, hauna kitu cha kuushika. Unakaa kwa kukaza tu, na kwa mtikisiko unatoka milimita moja baada ya nyingine. Adapta nzito za kuning'inia ndio mbaya zaidi. Fungeni nyaya hizo kwenye chuma cha raki kwa vifungo vya plastiki, mkiacha ulegevu kidogo ili zisivutwe. Hii ni kazi ya nusu saa na gharama yake haifikii sahani chache za chipsi mayai.

Umeme

Umeme wetu Tanzania ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Hiyo ni kwenye karatasi. Kumbini unakuta nyaya ndefu nyembamba, friji za bia na taa za disko vyote kwenye laini moja, na volti zinashuka na kupanda kadiri friji zinavyowaka. Miksa ya kidijitali ni kompyuta. Umeme ukiruka sekunde moja tu, inajizima na kuanza upya, na wewe umesimama mbele ya watu mia tano kimya. UPS ndogo kwa ajili ya miksa na vipokezi inamaliza tatizo hilo. Amplifaya msiziweke humo, zitaimeza betri. Zenyewe zikizimika sekunde moja zinarudi haraka bila kudai mengi.

Hatari kubwa zaidi ni jenereta ya fezi tatu. Kati ya fezi na waya wa nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ikilegea au ikikatika, volti za kwenye soketi hazikai tena 230. Laini moja inashuka, nyingine inapanda kuelekea 400, kutegemea nani kawasha nini. Hapo mashine zinaungua kwa sekunde chache, na fyuzi mara nyingi inachelewa.

Kuna ukumbi mmoja, jina naliweka kapuni, ambako nilipima soketi ya jukwaani kabla ya kuchomeka chochote na mita ikasoma zaidi ya 300. Msimamizi akakasirika. "Wewe mwanafunzi unatuletea kiswahili, bendi zote zinapiga hapa." Tulikaa na masanduku yetu yamefungwa karibu saa nzima, wageni wanatuangalia, bibi harusi anauliza kuna nini. Mwishowe fundi wao alipofungua boksi la umeme akakuta skrubu ya nyutro imelegea na imeshaungua nyeusi. Hakuna aliyetuomba radhi, lakini raki iliondoka nzima. Mita ile ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonavyo.

Na hili nalisema kwa msisitizo: msikate waya wa ethi. Kuna mafundi wakisikia mvumo kwenye spika wanachomoa ethi ya amplifaya, mvumo unakata, wanasifiwa. Kifaa hicho kikipata hitilafu ya ndani, bodi lake lote linakuwa na umeme, na mpiga gitaa aliyeshika nyuzi huku mdomo umegusa maiki ndiye anayekamilisha sakiti. Watu wamekufa hivyo. Mvumo unatibiwa kwenye waya wa sauti, kwa kiboksi cha DI chenye transfoma na swichi ya kutenganisha ethi ya sauti. Ethi ya umeme inabaki pale pale.

Joto, vumbi na chumvi

Ndani ya mashine nyingi kuna kapasita zenye kimiminika, na kimiminika hicho kinakauka taratibu. Kanuni wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, maisha ya kapasita hizo yanakatwa nusu. Raki iliyofunikwa nyuma, ndani ya ukumbi wa bati Dar es Salaam mwezi wa pili, inajipika yenyewe. Fungueni vifuniko vyote viwili, mbele na nyuma. Acheni nafasi ya 1U juu ya mashine inayotoa joto. Msisukumie raki ukutani au kwenye pazia.

Vumbi la Dodoma linaziba feni. Hewa ya Unguja ina chumvi inayokula plagi, na plagi iliyoota kutu inakoroma kabla ya kufa. Brashi laini na dawa ya kusafishia plagi, kila baada ya safari, vinatosha.

Kuna na betri ambayo wengi hawaijui. Moduli nyingi za sauti za zamani zinatunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya duara. Roland JV-1080 ya mwaka 1994, ambayo bado inapatikana kwa mtumba, inatumia CR2032, kama ile ya kwenye bodi la kompyuta. Ikiisha, sauti ulizozitengeneza mwenyewe zinafutika, na watu wanadhani mashine imekufa. Ni kubadilisha betri tu, ila uhifadhi sauti zako kwanza.

Tununue nini basi

Pendekezo letu ni hili, kwa mpangilio wa umuhimu. Kwanza, mita na stebilaiza. Pili, UPS ndogo ya miksa na vipokezi. Tatu, kasha ambalo fremu yake ya ndani inaelea juu ya mipira, pamoja na vyuma vya kushikilia amplifaya kwa nyuma. Nne, nyaya nzuri, na waya mmoja wa akiba kwa kila aina tunayoitumia. Tano, miksa ndogo ya kawaida ya chaneli chache, hata ya mtumba, ikae pembeni na umeme wake na nyaya zake. Miksa kubwa ikigoma, waimbaji na kinanda wanahamia huko na wimbo unaendelea.

Kuna anayesema tuachane na raki, tutumie kompyuta mpakato. Inawezekana, na ni nyepesi kubeba. Lakini na yenyewe inachomekwa kwenye umeme ule ule, kwa plagi zile zile, na inatikiswa na fuso lile lile. Orodha haibadiliki sana.

Mashine ya skrini ya rangi ni nzuri, na siku moja tuinunue. Ila ikinunuliwa sasa itaingia kwenye sanduku lile lile lisilo na chuma cha nyuma, kwenye ekstensheni ile ile. Siku ya kikao nitaileta raki yenyewe na kuifungua nyuma. Njoo uchungulie, uguse waya mmoja mmoja, uone ipi inacheza. Halafu ndipo upige kura.