Kwa Nini Gari la Wagonjwa Linaishia Chini ya Mlima kwa Sasa

Katika mikutano ya vijiji, wakazi wa vitongoji vya juu wameuliza sababu ya gari la wagonjwa la kituo cha afya kuishia barabara kuu, ilhali injini inawaka na gari linatembea. Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo uvunguni mwa gari, mahali ambapo abiria haoni.

Gari linavyovuta

Kama magari mengi ya kazi ya aina yake, gari hilo kwa kawaida huvutwa na magurudumu ya nyuma pekee. Dereva anapokuta tope au mwinuko mkali, huunganisha na magurudumu ya mbele ili yote manne yavute. Nguvu ya injini hupelekwa na vyuma virefu vinavyozunguka, viitwavyo propela: kimoja huelekea difu ya nyuma, kingine difu ya mbele. Kwenye ncha za propela kuna krosi, yaani viungo vinavyoiwezesha kujipinda gari linapopita mashimoni.

Krosi za propela ya mbele zimelika. Dereva alizitambua dalili mapema: kishindo kila alipoachia klachi akiwa ameunganisha magurudumu ya mbele, na mtetemo uliozidi kadiri mwendo ulivyoongezeka. Krosi iliyolika ikikatika safarini, propela huweza kuanguka na kupigapiga uvungu wa gari, hata kuharibu mabomba ya breki. Ndiyo maana fundi ameifungua propela hiyo na kuiweka kando hadi vipuri vipatikane.

Linaloweza na lisiloweza

Kwenye barabara tambarare na kavu, gari linaendelea kutoa huduma. Mlimani wakati wa mvua hali ni tofauti. Magurudumu mawili ya nyuma huteleza pale ambapo manne yangeshika. Wakati wa kushuka, injini husaidia kuzuia magurudumu ya nyuma tu, hivyo gari huweza kuserereka kwa nyuma, na mgonjwa akiwa ndani.

Wapo wanaomshauri dereva atumie gia nzito ya mlimani. Nguvu ya gia hiyo imekusudiwa kugawanywa kwa magurudumu yote manne. Kwa sasa ingeielemea propela ya nyuma na difu yake peke yake. Zikivunjika hizo, gari halitatembea kabisa, na kata zote zitakosa huduma kwa sababu ya safari moja. Dereva anapokataa kupanda, basi, hamdharau mtu. Analilinda gari la wote.

Matengenezo

Gari la umma hukaguliwa na Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA) kabla na baada ya matengenezo. Ukaguzi wa kwanza huonyesha kilichoharibika. Wa pili huthibitisha kwamba kazi imefanyika ipasavyo. Gari litarejea mlimani baada ya ukaguzi huo wa pili.

Wananchi wafanye nini

Kwanza, toeni taarifa mapema. Dalili za hatari zisisubiri kukuche. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, pigeni namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyotozwa malipo. Pili, kila kitongoji kikubaliane sasa na ofisi ya kijiji kuhusu machela, wabebaji na mahali pa kukutana na gari. Tatu, mgonjwa asindikizwe na ndugu mmoja, kwa kuwa uzito wa ziada huongeza mzigo kwa vyuma vinavyofanya kazi ya vingine.

Kwa wenye magari ya aina hii

Msiunganishe magurudumu yote manne kwenye lami kavu. Kwenye kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa, na tofauti hiyo huishia kuvitesa vyuma. Baada ya kuvuka maji mengi, pakeni girisi kwenye krosi na kaguzeni mafuta ya difu. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na yanapaswa kubadilishwa. Na fundi akisema kifaa kimelika, ulizeni mara moja ni safari zipi gari linaweza kuhimili hadi litengenezwe, na msivuke mpaka huo.