MBU WA CHOONI NA UGONJWA WA MATENDE

Mwezi huu twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu jambo lililo karibu na mlango wa kila nyumba. Wengi hudhani mbu wote ni mamoja, kumbe kila jamii ina maji yake. Anofelesi, aletaye malaria, hupenda maji yaliyotulia juani, kama madimbwi na majaruba ya mpunga. Aedesi, aletaye homa ya dengi, hutaga katika mitungi, makopo na vifuu. Kuleksi hupenda maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Na huyo, katika miji ya pwani yetu, ndiye mwenezaji mkubwa wa matende na mabusha.

Ugonjwa huo hutokana na minyoo myembamba kama nyuzi, ikaayo ndani ya mwili. Vijidudu izaavyo huzunguka katika damu usiku, wakati uleule Kuleksi atokapo kuuma. Mguu ukishavimba kwa miaka mingi, ni shida kurudi kama ulivyokuwa.

Yaliyotendeka Makunduchi, Unguja, yatufaa kuwa funzo. Mwaka 1988 watu walipewa dawa ya kuua vijidudu hivyo; tena vyoo vya shimo vyenye maji vikamiminiwa chembe za polistireni, kitu kile cheupe chepesi kifungiwacho vyombo visivunjike. Chembe huelea na kufunika maji yote. Kiluwiluwi hupumua kwa kuinua mrija mdogo hadi usoni pa maji. Akikosa upenyo hufa, na mbu jike hapati pa kutaga. Kabla ya kazi hiyo, karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijidudu katika damu. Baadaye wakabaki kama mmoja katika kumi, na idadi ikazidi kushuka. Lakini mahali pengine kisiwani humo, palipotolewa dawa tu na mbu wakaachwa, ugonjwa ulianza kurudi.

Basi dawa peke yake haitoshi. Yatupasa kufunika mashimo, kuziba nyufa za makaro, kuweka wavu katika bomba la hewa la choo, na kulala ndani ya chandarua. Nanyi vijana, kazi hii haihitaji elimu kubwa. Yahitaji mikono yenu. Mbu hajui ua wala mpaka: azaliwaye chooni mwetu humwuma mtoto wa jirani, na haki ya jirani juu yetu ni kubwa.