ALAMA YA KIGANJA NI MWANZO WA KUANDIKA



Sikukuu zinapokaribia, akina mama wengi vijijini hupaka nyumba udongo. Hapo mtoto wa miaka minne huja na kiganja chenye tope, akakibandika ukutani. Mara nyingi hupigwa au hufukuzwa. Wazazi wa Ivuna, tusifanye hivyo. Mtoto yule yuko darasani.

ANAJIFUNZA NINI?

Kwanza, vidole vinapata nguvu. Kukanda udongo na kuubonyeza kunaimarisha misuli ya mkono. Misuli hiyo ndiyo itakayoshika penseli. Wewe uliyesoma kisomo ukiwa mtu mzima unakumbuka: siku ya kwanza penseli ilikuwa nzito kuliko jembe!

Pili, anajifunza hesabu. Kiganja kimoja kina vidole vitano, viwili vina kumi. Mwulize: Kipi kikubwa, chako au cha dada? Huu ni mkono wa kulia au wa kushoto?

Tatu, anajifunza maneno: kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho. Mtajie pia kwa lugha ya nyumbani.

Nne, anatambua kuwa alama husema. Alama yake ukutani inasema, "Mimi nilikuwa hapa." Herufi nazo ni alama zinazosema.

FANYA HIVI

1. Mpe sehemu yake ya ukuta, au kipande cha boksi.
2. Tumia udongo laini, au mkaa uliosagwa na kuchanganywa na uji mwepesi. Usimpe chokaa, huunguza ngozi na macho. Usimpe weusi wa betri, una sumu.
3. Mwache abandike mwenyewe, hata ikipinda. Ukimshikia mkono, unajifunza wewe, siyo yeye.
4. Anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule wazee wetu wengi walitia dole gumba kwenye karatasi, maana kuandika jina hawakujua. Kwao alama ya kidole ilikuwa mwisho. Kwa mtoto wako, alama ya kiganja ni mwanzo. Akiingia darasa la awali Januari na vidole vyepesi, mwalimu atakushukuru.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini tusimpige mtoto anayechezea udongo?
2. Nyumbani kwako, mtoto atapewa ukuta upi?