Mgonjwa Anapowahudumia Wagonjwa

Vumbi linalotimka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Kakola jirani na mgodi wa Bulyanhulu hadi Geita, lina chembechembe za silika. Zikizama mapafuni huua seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vimelea, na hapo kifua kikuu hupenya kwa urahisi. Ndiyo maana wachimbaji huugua sana.

Dawa hutolewa bure, na kwa kawaida dozi ni ya miezi sita. Taabu huanza mwezi wa pili: kikohozi kimekata, mwili umerudi, mchimbaji anasikia kuna duara linatema dhahabu mahali fulani, anafunga begi. Mhudumu aliyevaa koti jeupe akimsihi abaki, huitikia kwa heshima kisha huondoka. Akiambiwa na mtu aliyemeza vidonge vilevile, akakojoa mkojo mwekundu uleule, husikiliza. Kwa imani hiyo watu waliowahi kuugua kifua kikuu walianzisha kikundi cha MUKIKUTE kule Temeke, Dar es Salaam. Watu wanaoishi na VVU nao wana konga zao, yaani vikundi vyao, katika wilaya nyingi.

Faida kwa anayesaidiwa inajulikana. Mimi nataka tutazame anachopata msaidizi mwenyewe. Mwaka 1999 Carolyn Schwartz na mwenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanawake watano wenye ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi, waliofunzwa kusikiliza na kuwapigia simu wagonjwa wenzao. Wapigaji walinufaika kuliko waliopigiwa: sonona ilipungua, kujiamini kukaongezeka. Watano ni wachache, na mtafiti makini hawezi kujenga sheria juu yao. Hata hivyo naamini waliona jambo la kweli.

Fikirieni mchimbaji ambaye heshima yake yote ilikuwa mikononi mwake. Mapafu yakichakaa, hawezi tena kushuka shimoni, na nyumbani anaanza kuonekana mzigo. Akipewa kaya za wagonjwa wenzake azitembelee, anapata sababu ya kuamka na kunyoa ndevu. Maumivu aliyopitia yanakuwa ujuzi ambao hata daktari hana. Na anayewahimiza wenzake kumeza dawa kwa saa ataona aibu kuziruka zake.

Lakini kujitolea kusigeuke kumnyonya mgonjwa. Apewe nauli. Aruhusiwe kupumzika siku mwili unapogoma, bila kuulizwa mara mbili. Asilazimishwe kutangaza hali yake, na siri za wenzake azitunze. Aliye kwenye wiki za mwanzo za tiba ya kifua kikuu asubiri mpaka mhudumu wa kliniki athibitishe kwamba haambukizi tena. Aliye tayari aanzie kituo anachochukulia dawa, aulizie mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Nyumba mbili kwa wiki zinatosha kabisa kwa kuanzia.