Majina ya Wanyama 12: Stempu za Mwaka Mpya wa Kichina na Kazi ya Mkusanyaji Asemaye Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza ukusanyaji wa stempu za posta zinazoadhimisha mwaka mpya wa Kichina, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, ikifanywa kwa makini, ni kazi ya lugha. Anayekusanya stempu hizo hana budi kuandika jina la mnyama chini ya kila moja katika albamu yake. Hapa Lubumbashi jina hilo mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa, hata pale ambapo mwenye albamu husema Kiswahili nyumbani na sokoni. Sababu itolewayo ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo ya mbali. Tutaijibu hoja hiyo kwa mifano. Tutaona kwamba katika majina kadhaa Kiswahili kiko karibu na Kichina kuliko Kifaransa kilivyo, na kwamba anayepitia Kifaransa kwanza hupoteza kitu alichokuwa nacho mkononi.

Jambo hili si la watu wa mbali tena. Nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliingia katika uhusiano wa kibalozi na Jamhuri ya Watu wa China mwaka 1972. Tangu miaka ya 2000 makampuni ya Kichina yamekuwa sehemu ya maisha ya migodi ya Katanga, na maduka ya Wachina yamo mjini. Karatasi nyekundu zenye maandishi ya dhahabu, zibandikwazo milangoni mwezi wa Januari au Februari, huonwa na wengi. Maana yake huelezwa na wachache.

Mzunguko wenyewe

Wachina huhesabu miaka kwa mzunguko wa wanyama 12. Kwa mpangilio wao ni shu, niu, hu, tu, long, she, ma, yang, hou, ji, gou na zhu. Mwaka huanza kwa mwezi mwandamo, baina ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Hata hivyo, mwaka huo si sawa na mwaka wa Kiislamu ujulikanao pwani. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mara, kwa hiyo Ramadhani hupita katika majira yote. Wachina huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19, na kwa njia hiyo sikukuu yao haiachani na majira yake.

Ni vema kuonya juu ya neno moja. Baadhi ya watu hutumia neno buruji kwa wanyama hawa. Buruji, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni sehemu 12 za njia ya jua angani, nazo huhusu nyakati za ndani ya mwaka mmoja. Mnyama wa Kichina hutawala mwaka mzima. Heri basi kusema mzunguko wa wanyama, au kwa kifupi wanyama wa miaka.

Kalenda hiyo ina faida kwa mkusanyaji wa stempu: kazi yake ina mwisho unaoonekana. Kila nchi anayoichagua humpa wanyama 12, na mwaka wa 13 mzunguko huanza upya. Anaweza kupanga albamu kwa nchi, akaona jinsi posta moja ilivyobadili mtindo wake. Au kwa mnyama, akaona jinsi nchi mbalimbali zilivyomchora jogoo yule yule.

Stempu zilivyoanza

Stempu ambayo hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina hii haikutoka China. Ilitolewa Japani mwaka 1950, nayo ina picha ya chui-milia iliyochorwa zamani na Maruyama Okyo. Hong Kong ilianza mwaka 1967. China bara ilianza tarehe 15 Februari 1980, siku moja kabla ya mwaka wa hou kuingia. Stempu hiyo ya fen 8 ilitokana na picha ya Huang Yongyu: mnyama mweusi mwenye nywele za dhahabu, ameketi juu ya wekundu mtupu. Iliuzwa katika karatasi za stempu 80. Leo moja tu hugharimu maelfu ya yuan, na kwa sababu hiyo za bandia ni nyingi. Marekani ilifuata tarehe 30 Desemba 1992 kwa stempu ya jogoo iliyobuniwa na Clarence Lee wa Honolulu. Ufaransa imekuwa ikitoa za kwake tangu mwaka 2005.

Majina na tafsiri

Tuje sasa kwenye kiini cha makala. Neno niu kwa Kichina halisemi kama mnyama ni dume au jike. Mfaransa hulazimika kuchagua: ama bœuf, ambaye ni dume aliyehasiwa, ama buffle, ambaye ni nyati. Kiswahili hakina shida hiyo: ng'ombe ni ng'ombe, awe dume au jike. Vivyo hivyo shu hujumlisha panya mkubwa na mdogo, ambao Kifaransa huwapa majina mawili. Neno panya hutosha kwa wote. Tu ni sungura wa porini na wa kufugwa pia, na ndivyo lilivyo neno letu. Ji ni kuku kwa ujumla. Stempu humchora jogoo kwa sababu ya uzuri wa manyoya yake, na Kifaransa humwita jogoo. Lakini anayeandika Mwaka wa Kuku yuko karibu zaidi na neno la Kichina. Hapa ndipo mkusanyaji aamue: je, anataja picha au anataja mwaka? Ushauri wetu ni kutaja mwaka kwanza, kisha picha.

Mfano ulio bora ni ule wa mnyama wa tano na wa sita, long na she. Long ni kiumbe wa hadithi, mwenye magamba na pembe, aletaye mvua na heri. Kamusi zetu humwita joka. She ni nyoka wa kawaida. Kifaransa huwapa majina mawili yasiyohusiana, dragon na serpent. Katika Kiswahili shina ni moja, -oka: nyoka ni umbo la kawaida, joka ni ukubwa wake. Mtu angeweza kudhani kwamba hapo Kiswahili kimeshindwa, kwamba kimewachanganya wanyama wawili kwa uhaba wa maneno. Lakini Wachina wenyewe, kwa heshima, humwita nyoka xiao long, yaani joka mdogo. Wao hutoka kwa joka wakashuka hadi kwa nyoka. Sisi hutoka kwa nyoka tukapanda hadi kwa joka. Ngazi ni ile ile. Aziwekaye pamoja stempu za mwaka 2024 na 2025, joka akifuatwa na nyoka, aweza kuuonyesha udugu huo kwa maneno mawili tu ya Kiswahili. Hata hivyo imfaa aongeze kwamba joka wa Kichina ni wa baraka, kwa maana katika masimulizi yetu mengi joka ni wa kutisha.

Si kila mahali Kiswahili hushinda. Neno yang hujumlisha mbuzi na kondoo, nasi, kama Wafaransa, tumewatenga. Mwaka 2015 Posta ya Ufaransa iliandika mbuzi, na ya Marekani ikaandika kondoo dume. Zote mbili zilikuwa na haki. Mkusanyaji amfuate mnyama aliyechorwa, kisha aseme katika maelezo kwamba neno la asili lawabeba wote wawili. Kwa hou tabu ni kinyume chake: tuna nyani, tumbili, kima na wengine, wala hatuna jina moja lililokubaliwa kuwajumlisha. Nyani hafai, kwa sababu ana mdomo mrefu kama wa mbwa, na jina lake huleta mara moja methali ya yule asiyeona kundule. Tumbili aelekea kufaa zaidi, ilimradi isemwe kwamba tumbili wa Uchina si wa misitu yetu.

Tena, hu asiandikwe chui. Chui wa kwetu ana madoa. Kichwa chake kimo katika nembo ya Jamhuri, na jina lake huitwa timu yetu ya taifa ya kandanda. Hu ana milia, na kwa hiyo ni chui-milia, kwa kanuni ile ile iliyotupa punda milia. Kuacha neno milia ni kumpa Mchina mnyama wetu.

Jina la nchi

Chini ya jina la mnyama huandikwa jina la nchi. Hilo nalo lataka uangalifu, na historia ya mji wetu yatufundisha kwa nini. Baada ya Katanga kujitangazia utengano tarehe 11 Julai 1960, stempu za Kongo zilipigwa chapa ya jina la Katanga, na mwaka 1961 zikatolewa nyingine zenye picha za sanaa ya kuchonga miti. Dola hiyo haikutambuliwa na nchi yoyote, na mwanzoni mwa 1963 ilikwisha. Lakini stempu zake zilibandikwa kwenye barua halisi, zikapigwa muhuri wa Elisabethville, zikasafiri. Dola haikutambuliwa, barua ilifika.

Siku hizi twaona kinyume chake. Kuna stempu zenye jina la dola inayotambuliwa, ambazo hazijapata kuuzwa katika dirisha lolote la posta ya dola hiyo. Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo majina yao yametumiwa hivyo na wachapaji wasio na ruhusa. Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874 na wenye makao Bern, huzitangaza kuwa haramu, na tangu mwaka 2002 umekuwa na daftari ambamo stempu zilizothibitishwa na posta za nchi wanachama hupewa namba. Baina ya pande hizo mbili zipo zilizo halali lakini zilizolengwa wanunuzi wa ng'ambo: katika miaka ya 1990 Uganda na Tanzania zilitoa stempu za wanyama wa Kichina, ingawa si rahisi kuiona hata moja juu ya bahasha iliyotoka Kampala kwenda Jinja. Anayenunua na alinganishe kwanza na daftari hilo, na apendelee bahasha nzima yenye muhuri kuliko stempu iliyobanduliwa.

Hitimisho

Maelezo mafupi chini ya stempu, kwa mfano «Mwaka wa Tumbili, China, 15 Februari 1980, fen 8», yana madai manne: mnyama, nchi, tarehe na thamani. Nchi, tarehe na thamani huthibitishwa kwa daftari na muhuri. Mnyama huthibitishwa kwa lugha, na hakuna posta itakayotufanyia kazi hiyo. Twawashauri wanafunzi wa idara walio na albamu kuandika jina la Kichina, kuweka kando yake jina la Kiswahili bila kupitia lugha ya tatu, na kutaja sababu ya uchaguzi wao kwa sentensi moja. Orodha 12 za namna hiyo, zikilinganishwa, zitatupa istilahi iliyojaribiwa, na zitaonyesha kwamba Kiswahili cha mji huu chaweza kufika Beijing bila kuomba njia Paris.