Kafeli Usaili, Hajafeli Kazi

Kuna siku mwenzi wako anarudi nyumbani na uso wake tu unakwambia usiulize kitu. Juni mwaka jana mume wangu, mtaalamu wa programu za kompyuta, alitoka kwenye usaili wa kampuni moja Dar, akavua tai, akakaa kitandani: "Mke wangu, labda mimi siyo injinia."

Miaka saba anatengeneza mifumo! Alichoangushwa nacho ni swali moja la ubaoni, dakika 45, watu watatu wanamkodolea macho: geuza mti wa data, matawi ya kushoto yaende kulia na ya kulia yaende kushoto.

Kama yamekukuta wewe au mwenzi wako, tulia. Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na watengeneza programu wengi wenye kompyuta za Mac, alieleza mwaka 2015 kwamba Google walimkataa baada ya swali la namna hiyohiyo.

Darasa la Kanoni

Julai tukaenda kwao Kanoni, Karagwe. Nilitaka apumzike, ale ndizi, asahau. Wapi! Siku ya pili tu baba yake mdogo, karani wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, akaja na laptop kwapani. "Mwanangu, kilo za kwenye kompyuta ni nyingi kuliko za ghalani. Wenzangu wameanza kuniangalia vibaya."

Heshima ya mzee ilikuwa hatarini. Mume wangu siku nzima hakuandika hata mstari mmoja. Alikaa ghalani akimwangalia mzee anavyopima, akauliza maswali, akaisoma programu iliyoachwa bila maelezo na kijana aliyeitengeneza. Jioni akagundua: mtandao ukikatika, mzee anabonyeza "tuma" tena, na mzigo uleule unahesabiwa mara mbili. Dawa? Kila stakabadhi iwe na namba yake, na namba ikishapokelewa haipokelewi tena. Mistari michache tu! Kilichochukua muda ni kulijua tatizo.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ubaoni swali unaletewa limeshapangwa na jibu lake lipo. Kazini unaletewa mtu mwenye hofu, na swali unalitafuta mwenyewe.

Waajiri nao wana sababu

Tusiwaonee. Waombaji ni wengi, nafasi chache, lazima wote wapimwe kwa rula moja. Na anayeijua miti ya data ana nafasi nzuri ya kuandika programu isiyokwama kumbukumbu zikiwa nyingi.

Ila rula ina kasoro. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwapima wanafunzi 48. Waliofanya swali ubaoni huku wakitazamwa, ufanisi wao ulikuwa chini ya nusu ya wale walioachwa peke yao chumbani. Yaani wakati mwingine kinachopimwa ni woga! Ndiyo maana usaili wa vitendo, ambao hata Sekretarieti ya Ajira huutumia kwa baadhi ya kada, unasogea karibu zaidi na kazi yenyewe.

Nyie wawili mfanye nini?

Chukulieni usaili kama mechi. Hata mchezaji mzuri anafanya mazoezi. Nusu saa kila jioni inatosha kuanzia.

Mwenzi awe jaji. Huhitaji kujua kompyuta. Kaa, mkazie macho, mwambie aeleze kwa sauti kila anachofanya. Mimi nilifanya hivyo sebuleni, ubao wetu ukiwa mlango wa friji. Tulicheka sana, lakini woga ulipungua.

Andikeni kazi alizofanya: tatizo lilikuwa nini, alifanya nini, nini kilibadilika.

Na tafadhali, usimlinganishe na shemeji aliyepata kazi mara ya kwanza. Maneno hayo yanakaa moyoni kuliko barua ya kukataliwa.

Harusi ni siku moja, ndoa ni kila siku. Usaili na kazi ni hivyohivyo. Septemba alirudi ubaoni kwenye kampuni nyingine. Mti akaugeuza, lakini wasaili walimhoji zaidi kuhusu zile kilo za Kanoni. Kazi akapata. Na baba mdogo? Funguo za ghala bado anazo yeye.